Mzigo wa Mwenzio: Historia ya Kupima Afya ya Wanaouguza Ndugu Zao

Utangulizi

Mwaka 2022 nyanya yangu alipata kiharusi, nasi tukamtoa Busia na kumpeleka hospitali. Alilazwa wiki 3. Kila asubuhi na kila jioni muuguzi alipita na mashine ya presha, akafunga kitambaa mkononi mwa nyanya, akasubiri, kisha akaandika namba mbili kwenye faili. Mama yangu alikuwa ameketi palepale, juu ya mkeka kando ya kitanda. Yeye pia ana presha. Ana kadi yake ya kliniki na vidonge anavyotakiwa kumeza kila siku. Kwa wiki zile 3 mashine ilipita karibu kabisa na mkono wake, wala haikufungwa hata mara moja.

Siku ya kumtoa nyanya, mama alishikwa na kizunguzungu akishuka ngazi. Mhudumu mmoja aliyemwonea huruma alimkalisha na kumpima: 190 kwa 120. Alipoulizwa habari ya dawa, mama alisema zilikuwa zimekwisha siku 12 nyuma. Fedha na muda vilikwenda kwa nyanya.

Sisimulii habari hii ili kumlaumu mtu. Yule muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, na mama hakuwa miongoni mwao. Hakuwa na kitanda wala faili, na hospitalini mtu asiye na faili hana mahali pa kuandikiwa namba. Swali langu ni la kihistoria: ni lini watu walianza kumpima anayeuguza badala ya kumpima mgonjwa peke yake? Walitaka kujua nini, na kwa faida ya nani?

Katika insha hii nitaonyesha kwamba vipimo hivi vilizaliwa pale serikali na hospitali zilipohitaji familia ziendelee kuuguza. Kwa sababu hiyo viliuliza kwanza kama familia itaweza kuendelea, na vikachelewa sana kuuliza kama anayeuguza naye anajitunza. Nitaonyesha pia kwamba kipimo cha namna watu wanavyojitunza kinaweza kugeuka lawama kisipofuatana na swali jingine la zamani: nani anampokea zamu?

Neno lenyewe

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema tukubaliane juu ya maneno. Kiswahili kina mzizi mmoja unaozaa familia nzima ya vitenzi. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza ni kumhudumia mgonjwa. Kuuguliwa ni kupatwa na ugonjwa wa mtu wako, kama mtu anaposema, "Nimeuguliwa na mtoto." Katika kauli hiyo ya mwisho anayeugua ni mtoto, lakini anayepatwa na jambo ni mzazi. Lugha inawatambua watu wawili ndani ya ugonjwa mmoja.

Katika insha hii nitamwita muuguzi yule aliyesomea kazi hiyo na kuajiriwa, na muuguzaji yule ndugu anayemhudumia mgonjwa wake bila mshahara. Hapa Uganda, katika Kiluganda, huyu wa pili huitwa omujjanjabi. Ndiye anayepika, anayefua, anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayekimbilia dawa dukani na anayelala kwenye mkeka. Wodi nyingi za hospitali zetu za umma haziwezi kufanya kazi bila yeye.

Kitanda cha hospitali na kitanda cha nyumbani

Uingereza ya miaka ya 1960 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwaka 1961 Waziri wa Afya, Enoch Powell, alitoa hotuba akisema kwamba baada ya miaka 15 huenda vitanda vya hospitali za magonjwa ya akili visingehitajika zaidi ya nusu ya vile vilivyokuwapo. Wagonjwa wangetibiwa katika jamii. Maneno hayo yalikuwa na upande wa utu, kwa sababu watu wengi walikuwa wamefungiwa katika majengo hayo kwa miaka mingi bila sababu ya kutosha. Lakini katika matumizi ya kila siku neno "jamii" lilimaanisha nyumba ya mtu fulani, na ndani ya nyumba hiyo mara nyingi lilimaanisha mwanamke fulani.

Watafiti wawili, Jacqueline Grad na Peter Sainsbury, waliamua kuangalia ndani ya nyumba hizo. Walifanya kazi Chichester, kusini mwa Uingereza, ambako huduma ya kutibu wagonjwa wa akili wakiwa kwao ilikuwa imeanzishwa, na wakailinganisha na huduma ya Salisbury iliyotegemea hospitali kwa namna ya kawaida. Mwaka 1963 walichapisha katika jarida la The Lancet makala kuhusu ugonjwa wa akili na familia. Waliuliza familia zilikuwa zikibeba nini: kazi iliyoachwa, mapato yaliyopungua, watoto waliovurugika, afya ya wale wanaoishi na mgonjwa. Makala hiyo huhesabiwa miongoni mwa juhudi za kwanza za kupima mzigo wa familia. Tuangalie swali lililokuwa nyuma yake: je, mpango wa kuwarudisha wagonjwa nyumbani unafaa? Familia ilipimwa kwa sababu mpango ulipimwa.

Mwaka huohuo wa 1963, huko Marekani, Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo chao maarufu cha shughuli za kila siku: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani, kujizuia haja na kula. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Kinaeleza kwa usahihi mgonjwa anahitaji msaada katika mambo gani, lakini hakina nafasi ya kumwandika anayetoa msaada huo.

Wauguzaji wenyewe hawakukaa kimya. Mary Webster, mhubiri wa Uingereza aliyeacha kazi ili kuwatunza wazazi wake, alianza kuandika hadharani kuhusu wanawake wasioolewa waliokuwa katika hali kama yake, na mwaka 1965 likaundwa baraza la kuwatetea. Kutokana na msukumo wa aina hiyo, mwaka 1976 serikali ya Uingereza ilianzisha posho ya mtu anayemtunza mgonjwa. Hapo sheria nayo ikalazimika kuwa na kipimo chake: saa 35 au zaidi kwa wiki. Lakini mwanamke aliyeolewa na kuishi na mumewe hakustahili posho, hata kama alitimiza saa 35, au alitimiza 80. Hoja ilikuwa kwamba huyo angekuwa nyumbani tu. Jacqueline Drake, aliyeacha kazi ili kumtunza mama yake, alipeleka shauri mahakamani hadi ngazi ya Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya, na mwaka 1986 kizuizi hicho kikaondolewa. Kwa miaka 10 kipimo kilikuwapo, saa zilikuwapo, na wale waliofanya sehemu kubwa ya kazi walikuwa nje ya hesabu.

Maswali 22

Kipimo kilichoenea zaidi duniani kilitoka Marekani. Mwaka 1980 Steven Zarit, Karen Reever na Julie Bach-Peterson walichapisha utafiti kuhusu wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ndugu waliokuwa wakiwauguza. Wauguzaji walikuwa 29, na hojaji ya mwanzo nayo ilikuwa na maswali 29. Baadaye ilipunguzwa ikawa na maswali 22. Kila swali hujibiwa kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 4, yaani karibu kila mara. Jumla ya juu kabisa ni 88. Swali la mwisho humtaka muuguzaji aseme, kwa jumla, anajiona amebeba mzigo kiasi gani.

Hojaji ya Zarit ilifanya jambo kubwa: ilimfanya muuguzaji awe mtu wa kuulizwa. Anaulizwa kama anakosa muda wake mwenyewe, kama anaona hasira, kama anaogopa yatakayompata mgonjwa, kama fedha zinamtosha. Hata hivyo, kati ya maswali hayo 22, ni moja tu linalouliza waziwazi kama afya yake imedhoofika kwa sababu ya kuuguza, na hakuna linalouliza kama anafanya lolote kuilinda.

Matokeo ya mwaka 1980 yalikuwa na jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa. Mtu angetarajia kwamba kadiri mgonjwa anavyozidi kusahau na kusumbua, ndivyo mzigo unavyoongezeka. Watafiti hawakukuta hivyo. Kilichohusiana na mzigo kilikuwa idadi ya mara ambazo ndugu wengine walikuja kumtembelea mgonjwa. Pale ndugu walipofika mara nyingi, muuguzaji alijiona amebeba kidogo. Utafiti wa watu 29 ni mdogo, na hautoshi kujenga sheria. Lakini namba iliyokuwa na maana zaidi katika utafiti ule ilikuwa idadi ya wageni mlangoni, na namba hiyo haikuingia katika hojaji iliyosambaa duniani. Kilichosambaa ni maswali kuhusu hisia za mtu mmoja.

Mwaka 1983 Betsy Robinson alitoa kipimo kifupi zaidi, chenye maswali 13 ya ndiyo au hapana. Hiki kiliukaribia mwili: kiliuliza kuhusu usingizi unaokatika na kuhusu kazi nzito ya kunyanyua. Kwa kuwa kilijibiwa kwa dakika chache, kilifaa wodini, na hapo ndipo ubora wake ulipokuwa.

Mwili wa muuguzaji

Katika miaka ya 1990 swali lilibadilika. Watafiti hawakuridhika tena na kusikia muuguzaji anasema amechoka. Walitaka kuona uchovu huo ndani ya mwili.

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State walichapisha jaribio ambalo ni rahisi kulieleza. Walichukua wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wanawake wengine 13 wa umri na kipato kinacholingana ambao hawakuuguza mtu. Kila mmoja alitiwa jeraha dogo la milimita 3.5 kwenye ngozi, kisha wakahesabu siku. Kwa wauguzaji, jeraha lilichukua wastani wa siku 9 zaidi kupona.

Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach walikwenda mbali zaidi. Waliwafuatilia kwa miaka 4 wazee wanaoishi na wenzi wao wa ndoa: 392 waliokuwa wakiwauguza wenzi wao na 427 ambao hawakuuguza. Waliokuwa wakiuguza na kuelemewa walikuwa na hatari ya kufa iliyo juu kwa asilimia 63 kuliko wasiouguza. Waliouguza bila kuelemewa hawakuonyesha tofauti ya aina hiyo.

Namba hiyo ya 63 ilinukuliwa kila mahali, mara nyingi bila sharti lake la kuelemewa. Ndiyo maana utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2013 na David Roth na wenzake ulishtua baadhi ya watu. Waliwalinganisha wauguzaji 3,503 na watu 3,503 wasiouguza waliofanana nao kwa mambo mengi, na baada ya takriban miaka 6 wauguzaji walikuwa wamekufa kwa kiwango kilicho chini kwa asilimia 18. Je, kuuguza kunaua au kunaponya? Nadhani mwanahistoria anapaswa kuuliza kwanza ni nani aliyehesabiwa. Katika kundi kubwa namna hiyo wamo wanaosaidia saa chache kwa wiki na wanaokesha, wamo wenye ndugu wa kuwapokea na wasio na mtu. Neno "muuguzaji" lilikuwa moja, lakini maisha yaliyofunikwa na neno hilo hayakuwa mamoja.

Kutoka mzigo hadi kujitunza

Wakati huohuo, mkondo mwingine ulikuwa ukitiririka katika taaluma ya uuguzi. Mwaka 1971 Dorothea Orem, muuguzi wa Marekani, alichapisha kitabu kilichoweka kujitunza katikati ya uuguzi wote. Kwake, kujitunza ni vitendo ambavyo mtu huvifanya kwa makusudi ili kulinda uhai na afya yake, na kazi ya muuguzi ni kuziba pengo pale mtu asipoweza. Wazo likishakuwapo, vipimo hufuata. Mwaka 1979 Barbara Kearney na Barbara Fleischer walitoa hojaji ya maswali 43 ya kupima uwezo wa mtu kujitunza, na mwaka 1987 Susan Walker, Karen Sechrist na Nola Pender wakatoa nyingine ya maswali 48 iliyogusa chakula, mazoezi, uwajibikaji kwa afya, uhusiano na watu, namna ya kukabili msongo, na kuridhika na maisha.

Vipimo hivi havikutungwa kwa ajili ya wauguzaji, lakini viliwafikia. Mwaka 1997 Lynda Burton na wenzake walionyesha kwamba wanaouguza wenzi wao kwa kiwango kikubwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kutopata mapumziko ya kutosha, kukosa muda wa mazoezi, kutopumzika hata wanapougua wenyewe, na kusahau dawa zao. Mwaka 2002 Gayle Acton alilinganisha wauguzaji na wasiouguza akakuta wauguzaji wanajitunza kidogo zaidi. Hapo ndipo niliposoma habari ya mama yangu kwa mara ya kwanza, ikiwa imeandikwa kuhusu watu wa nchi nyingine: vidonge vilivyosahaulika, usingizi uliokosekana, kliniki iliyoahirishwa.

Haya yalikuwa maendeleo. Mzigo ni kitu kinachomwelemea mtu, lakini kujitunza ni kitendo chake mwenyewe, kwa hiyo kipimo cha kujitunza kinampa heshima ya mtu anayetenda. Hata hivyo, hapo ndipo penye hatari. Tukimpa mama alama 30 kati ya 100 kwa kujitunza, alama hiyo inasomeka kama alama ya mtihani wa shule, na aliyefeli ni yeye. Anaambiwa ale vizuri, alale, afanye mazoezi na asiache dawa. Ni ushauri sahihi, lakini unapomfikia mtu asiye na wa kumwachia mgonjwa hata kwa saa mbili, unamwongezea kazi ya tano juu ya zile nne alizo nazo.

Uganda: kutoka 1987

Sasa turudi nyumbani. Mambo yaliyotokea Uganda katika miaka ya 1980 yalikuwa na sababu tofauti na zile za Uingereza, lakini yalifika mahali palepale. Ukimwi ulijaza wodi, vitanda havikutosha, na kabla ya dawa za kupunguza makali hospitali nyingi hazikuwa na la kufanya zaidi ya kumrudisha mgonjwa kwao. Nyumba ikawa wodi.

Shirika la TASO lilianzishwa mwaka 1987, na mwanzilishi wake mkuu, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia wa Mulago, alikuwa muuguzaji kabla ya kuwa kiongozi. Mumewe, Christopher, aliugua akiwa masomoni Hull, Uingereza, mwaka 1986, naye akamfuata huko kumuuguza. Christopher alifariki Januari 1987. TASO ilizaliwa na watu waliojua kuuguza kwa mikono yao, na pengine ndiyo sababu iliweka ushauri nasaha na kukaa pamoja mbele kama ilivyoweka dawa. Mwaka huohuo huduma ya kuwafuata wagonjwa majumbani ilianza Kitovu, Masaka. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji ikaanza kuwafikia wagonjwa wakiwa kwao.

Tukisoma historia hii kwa kawaida tunasoma habari za wagonjwa, na ni haki. Lakini kila mofini iliyofika nyumbani ilipimwa na kunyweshwa na ndugu. Mwaka 2006 Walter Kipp na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanawake wanaouguza wagonjwa wa Ukimwi mjini Kinshasa, wakiangalia mzigo wao pamoja na afya yao kama wanavyoieleza wenyewe. Mwaka uliofuata ilitoka makala nyingine ya Kipp na watafiti wenzake kuhusu wauguzaji wa vijijini Uganda, ambayo tayari katika kichwa chake iliita hali hiyo ukweli uliofichika. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu TASO kuanzishwa.

Afrika pia imetunga kipimo chake. Chama cha huduma ya tiba shufaa barani, APCA, kilitengeneza hojaji ya maswali 10 ambayo ilithibitishwa kitaalamu mwaka 2010 baada ya kujaribiwa Uganda na Afrika Kusini. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 5, na katika nchi za Kusini mwa Sahara imejaribiwa njia ya kujibu kwa mkono: ngumi iliyofungwa ni 0, vidole vyote ni 5. Mtu asiyejua kusoma anaweza kujibu, na mtu asiye na nguvu za kusema anaweza kujibu pia. Maswali 7 ni ya mgonjwa, na 3 ni ya familia.

Kuwapa familia maswali 3 kati ya 10 ni hatua ambayo vipimo vingi vya Ulaya na Marekani vilichelewa kuipiga. Lakini maswali yenyewe yanauliza nini? Yanauliza kama familia imepewa taarifa za kutosha, kama inajiamini katika kumhudumia mgonjwa, na kama imekuwa na wasiwasi juu yake. Yote 3 yanamwangalia mgonjwa kupitia macho ya familia. Hakuna linalouliza kama muuguzaji amelala, amekula, au amekwenda kuchukua dawa zake.

Mama na hojaji

Likizo iliyopita nilimwomba mama anisaidie. Nilikuwa nimezitafsiri kwa Kiswahili zile hoja 22 za Zarit, nikamsomea tukiwa jikoni. Tafsiri yangu haijathibitishwa kitaalamu, na mtu mmoja hawezi kuitwa utafiti. Naeleza tu kilichotokea.

Alijibu kwa uvumilivu. Je, uliona hasira ulipokuwa naye? Kamwe. Je, uliona aibu? Kamwe. Je, ulitamani kumwachia mtu mwingine? Hapo aliniangalia tu. Tulipofika swali la mwisho alishusha sufuria.

"Mzigo? Mzigo ni gunia. Yule alikuwa mama yangu."

Jumla yake ilikuwa 11 kati ya 88. Kwa namna alama hizo zinavyosomwa mara nyingi, 0 hadi 20 ni mzigo mdogo au hakuna kabisa. Mtu mwenye 11 hahitaji msaada. Lakini ni mtu huyohuyo aliyepimwa ngazini akakutwa na 190 kwa 120.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa mtazamaji hauna uzito. Nilichojifunza jikoni ni kwamba hata mbebaji mwenyewe anaweza kukataa kuuita mzigo, kwa sababu neno hilo likielekezwa kwa mzazi linakuwa tusi. Hojaji iliyotungwa mahali ambapo mtu anaweza kusema bila haya kwamba mama yake ni mzigo itapata alama ndogo mahali ambapo hawezi, na alama ndogo zitasomwa kama habari njema.

Basi niliweka karatasi kando nikamuuliza mambo yanayohesabika. Katika wiki zile 3 ulilala kitandani siku ngapi? Hata moja. Tarehe ngapi za kliniki yako zilipita hadi nyanya alipofariki mwaka uliofuata? Alihesabu kwa vidole: nne. Nani alikupokea zamu ya usiku?

"Mama yako mdogo alikuja mara mbili," alisema. "Mjomba alituma pesa. Wewe ulileta chakula, ukarudi nyumbani kulala."

Hakusema kwa kulaumu. Alikuwa anajibu swali, kama nilivyomwomba. Ni kweli nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa S.6, na ni kweli pia kwamba katika siku 21 haikunijia hata mara moja kumwambia, "Mama, leo nenda ulale, nitabaki mimi."

Hitimisho

Insha hii imeonyesha njia iliyopitiwa na vipimo vya afya ya wauguzaji. Katika miaka ya 1960 familia ilipimwa ili kujua kama mpango wa kuwarudisha wagonjwa nyumbani unafaa. Mwaka 1976 sheria ya Uingereza ilihesabu saa na kuwaacha nje walioolewa. Mwaka 1980 hisia za muuguzaji zilipewa alama. Katika miaka ya 1990 majeraha na vifo vyake vilihesabiwa, na kuelekea mwisho wa miaka hiyo akaulizwa kama anajitunza. Kwetu nyumba iligeuka wodi tangu 1987, lakini maswali tunayoiuliza familia bado yanahusu mgonjwa zaidi.

Sipendekezi tuziache hojaji hizi. Bila namba, mama yangu angeendelea kuwa mtu wa kando ya kitanda. Ninachopendekeza ni mambo mawili. La kwanza, tunapotafsiri vipimo hivi tusitafsiri maneno tu. Wanafunzi wa Kiswahili tuna kazi hapa, kwa sababu anayejua kwamba kuuguliwa si sawa na kubeba mzigo ndiye anayeweza kutunga swali ambalo binti ataweza kulijibu bila kumvunjia mama yake heshima. La pili, kila kipimo cha namna muuguzaji anavyojitunza kiambatane na hesabu ya waliompokea zamu. Matokeo ya 1980 yalidokeza hivyo, nasi tunaoishi katika jamaa kubwa tuna sababu zaidi ya kuyachukua kwa uzito. Alama ndogo ya kujitunza ikisomwa peke yake inamhukumu mtu mmoja. Ikisomwa pamoja na idadi ya zamu, inawahusu ndugu wote, akiwemo aliyeleta chakula na kurudi nyumbani kulala.

Mama sasa anakwenda kliniki kila mwezi. Tarehe za kadi yake nimeziandika kwenye simu yangu.